Fuso inalala nyumbani: zege la njia ya gari liwe na unene gani?

Swali: Shikamoo Injinia. Nina nyumba Shinyanga mjini na Fuso ya tairi sita ninayobebea mpunga. Ikijaa inabeba tani kumi, na mara nyingi inalala nyumbani na mzigo wake. Toka getini mpaka ubavuni mwa nyumba ni mita 18, na kiwanja kinashuka kuelekea nyumbani. Karibu na geti udongo ni mwekundu, mgumu. Kuanzia katikati kushuka ni udongo wa mbuga nyeusi, na msimu wa mvua uliopita gari lilizama hapo siku mbili. Fundi anasema zege la inchi nne na BRC (wavu wa nyaya za chuma) ndani linatosha, kwa sababu BRC ndiyo inayobeba. Jirani ananishauri niweke peva (matofali ya zege ya kupanga ardhini). Nimwage au nisimwage?

Jibu: Marahaba, ndugu yangu. Nianze na swali lako la mwisho: hilo la inchi nne usimwage. Kwa Fuso yako ninakushauri jamvi la zege la sentimita 20, yaani inchi nane, juu ya moramu (udongo wa changarawe) iliyoshindiliwa vizuri, na ile mbuga nyeusi ichimbwe na kubadilishwa kabla hujanunua hata mfuko mmoja wa saruji. Najua inchi nane zinatisha ukisikia mara ya kwanza. Ngoja nikuonyeshe zinatoka wapi.

Fuso tupu ya aina hiyo ni kama tani tano. Ukiongeza tani kumi za mpunga unafika 15, na sehemu kubwa ya uzito huo iko nyuma. Ekseli ya nyuma peke yake inakaribia tani 10, ambacho ndicho kikomo cha sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya 2016 kwa ekseli moja yenye tairi nne. Ekseli ya gari dogo la nyumbani ni kama robo tatu ya tani. Sasa madhara hayapandi sambamba na uzito. Majaribio makubwa ya barabara yaliyofanyika Ottawa, Illinois, Marekani, kati ya 1958 na 1960, yalionyesha kwamba madhara yanapanda karibu kwa kipeo cha nne: ekseli ikiwa nzito mara mbili, njia inaumia kama mara 16. Kwa hesabu hiyo, Fuso yako ikipita na mzigo mara moja, imeichosha njia kuliko gari dogo likipita mara 30,000. Kwa hiyo fundi wako akikuambia amemwaga inchi nne kwa watu wengi na mpaka leo ziko vizuri, ninamwamini. Ila huko yanapita magari madogo. Na yako haipiti tu, inalala hapo na mzigo usiku kucha, tairi zilezile mahali palepale, jambo ambalo ni baya zaidi kuliko kupita.

Kuhusu unene, fikiria ubao uliolazwa juu ya godoro. Ukiukanyaga unapinda, na upande wa chini unavutwa. Jamvi ni hivyohivyo, na zege lina nguvu sana likigandamizwa lakini ni dhaifu likivutwa. Uwezo wa kuhimili huko kupinda unakwenda na mraba wa unene. Ukitoka inchi nne kwenda sita umeongeza zege kwa nusu, lakini uwezo umepanda zaidi ya mara mbili. Ukifika nane umetumia zege mara mbili na umepata uwezo kama mara nne. Katika ujenzi wa nyumbani sijui pesa nyingine inayorudi kwa kiwango hicho.

Na BRC? Hapa ndipo watu wengi wanapopotezwa. Kwenye jamvi lililolala ardhini, BRC haibebi gari. Kazi yake ni kuushika ufa ukishatokea, usipanuke, ili maji yasipenye na kingo zake zisimomonyoke. Ni kazi ya maana na ninakushauri uiweke, lakini haiwezi kufanya inchi nne ziwe nane. Tena inafanya kazi ikikaa juu, sentimita tano au sita kutoka uso wa zege. Niliwahi kuitwa kwenye yadi moja Morogoro ambako lori la kokoto lilikuwa limevunja jamvi kabla halijamaliza mwaka. Tulivunja kona kwa nyundo, nikaweka tepu: sentimita saba. Mafundi walikuwa wamelipwa kwa kumi. BRC ilikuwa chini kabisa. Upande wa juu imeshika zege, upande wa chini imeshika udongo mwekundu, na nyaya zimeanza kutu. Walikuwa wameitandaza chini, wakamwaga juu yake, wakawa wanaivuta kwa kulabu huku wenyewe wameikanyaga. Mama mwenye nyumba alikichukua kile kipande akakiweka ukumbini. Alisema kila fundi atakayekuja ataonyeshwa kwanza.

Kwako iwe BRC ya A193, au nondo za milimita 10 kila sentimita 20 pande zote mbili kama BRC haipatikani. Ikae juu ya vikalio vya nondo vilivyokunjwa, virefu vya kutosha kuifikisha pale juu, na visogeleane kiasi kwamba mtu akikanyaga isibonyee. Kagua mwenyewe kabla ya toroli la kwanza kumwagwa.

Sasa tuje kwenye udongo, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo njia yako itakapoponea au kufia.

Mbuga nyeusi unaijua kuliko mimi. Kiangazi inapasuka nyufa za kuingiza mkono, mvua zikija inavimba na kunasa kwenye viatu. Zege halipendi ardhi inayopanda na kushuka. Katikati ya jamvi udongo uliofunikwa hubaki na unyevu uleule, ila pembeni unalowa na kukauka kila mwaka. Kwa hiyo kingo zinanyanyuliwa na kushushwa huku katikati pametulia, na Fuso inakuja kumalizia kazi. Hata zege la inchi nane litapasuka likiwekwa hivyohivyo juu ya mbuga.

Chimba sehemu hiyo sentimita 75 kutoka usawa wa juu wa jamvi: 20 za zege, 15 za tabaka la juu la moramu, na 40 za mbuga inayoondolewa na kujazwa moramu. Upana wa shimo uzidi jamvi kwa nusu mita kila upande. Kule kwenye udongo mwekundu mgumu, sentimita 35 zinatosha. Pale udongo unapobadilika, usikate wima kama ukuta. Chimba kwa mteremko wa mita moja na nusu hivi ili ugumu ubadilike taratibu.

Kuna kosa moja ninalokuomba uliepuke kwa nguvu zote, nalo ni kujaza shimo hilo mchanga. Mchanga unashindiliwa kirahisi, unapendeza, na mafundi wanaupenda. Lakini shimo lililochimbwa kwenye mfinyanzi na kujazwa mchanga ni beseni. Maji yote ya kiwanja yanaingia humo na hayana pa kutokea, na ile mbuga ya chini na ya pembeni inakunywa mwaka mzima. Jaza moramu yenye udongo kiasi wa kushikamana, ile ambayo ukiifinya mkononi ikiwa na unyevu inabaki na umbo bila kutoa maji. Mwaga tabaka la sentimita 15, nyunyiza maji kidogo, shindilia kwa mashine mpaka mlio ubadilike na mashine ianze kuruka, ndipo uweke tabaka jingine. Ukimwaga sentimita 40 kwa mkupuo, mashine itakaza juu tu na chini patabaki laini.

Kwa vipimo vyako, nikichukulia mbuga inaanza kama mita 11 kutoka nyumbani, utahitaji karibu mita za ujazo 32 za moramu iliyoshindiliwa. Moramu ya kwenye lori hupungua ikikazwa, kwa hiyo nunua kama 40.

Ukishamaliza kushindilia, kipimo unacho mwenyewe, tena kizuri kuliko mashine nyingi za maabara: Fuso. Ipakie, ipitishe polepole juu ya moramu, na wewe tembea kando yake umeinama, macho kwenye tairi za nyuma. Ukiona ardhi inabonyea mbele ya tairi na kuinuka nyuma yake kama godoro, au limeacha mfereji unaozidi sentimita moja, hapo chini kuna sehemu laini. Weka alama kwa chokaa, chimba, jaza upya, ipitishe tena. Siku ya zoezi hilo fundi wa zege asiwepo na mixer yake mlangoni, maana utashawishika kuacha.

Maji ndiyo jambo jingine. Umesema kiwanja kinashuka kuelekea nyumbani, na hilo lingenikosesha usingizi kuliko unene. Njia ya mita 18 kwa mita tatu na nusu ni mita za mraba 63. Mvua moja ya milimita 50 juu yake ni zaidi ya lita 3,000, mapipa 15 ya lita 200, na yote yataelekea ukutani kwako. Jamvi lilale upande, sentimita mbili kwa kila mita, ili ukingo mmoja uwe chini ya mwingine kwa sentimita saba, na maji yaingie kwenye mtaro wa zege ulioko upande ulio mbali na nyumba. Chini kabisa, kabla ya kufika ukutani, weka mtaro mwingine unaokatiza njia, wenye kifuniko cha chuma kizito cha kubeba lori. Mitaro hiyo iwe ya zege au matofali yaliyosakafiwa. Mtaro wa udongo kandokando ya jamvi kwenye mbuga unamwagilia kilekile ulichohangaika kukikausha. Na kama una mwarobaini au mti mwingine mkubwa karibu na njia, mizizi yake inafyonza maji ya udongo kiangazi na kuufanya usinyae upande mmoja. Afadhali njia ikae mbali nao.

Kabla ya kufunika chochote, jiulize nini kiko chini. Bomba la maji la SHUWASA lipite ndani ya bomba kubwa zaidi, ili likipasuka livutwe bila kuvunja zege. Shimo la maji taka lisiwe kabisa chini ya njia ya Fuso, hata kama kifuniko chake kina nondo, maana kilikadiriwa kwa watu. Kama liko hapo, sogeza njia. Ukishindwa kuisogeza, tafuta mhandisi aje alione kwa macho yake. Hilo haliamuliwi kwa maandishi.

Tukirudi kwenye zege: usimwage mita 18 kwa mkupuo. Zege linasinyaa likikauka, na litapasuka. Wewe unaamua tu lipasukie wapi. Gawanya vipande vitano vya mita 3.6, ili kila kimoja kiwe karibu mraba. Uzuri wake ni kwamba vipande vitatu vya chini vinakuwa mita 10.8, kwa hiyo ungio linaangukia karibu na pale mbuga inapokutana na udongo mwekundu. Mwaga cha kwanza, cha tatu na cha tano, kisha baada ya siku mbili tatu mwaga cha pili na cha nne. Mbao za mbili kwa nane zinakupa unene wako kamili, na ukipima kina kwa kamba toka mbao hadi mbao hakuna wa kukuibia sentimita.

Kwenye kila ungio weka vipande vya nondo laini, si ile yenye meno, ya milimita 25, urefu sentimita 45, kila baada ya sentimita 30. Toboa ubao katikati ya kina, sentimita 10, upitishe nusu ya kila kipande, na vyote vilale sambamba na njia bila kupinda. Ile nusu itakayoingia kwenye kipande cha pili ipakwe grisi. Hivyo tairi likivuka, kipande kimoja kinamsaidia jirani yake, lakini vinaendelea kuwa huru kusinyaa. Bila hizo nondo kila ungio ni ukingo, na ukingo ndiko zege linakoumia. Mhandisi H. M. Westergaard alizichapisha hesabu hizo mwaka 1926, akitenganisha tairi likiwa katikati, ukingoni na kwenye kona, na katikati ndiko jamvi linakopumua zaidi. Kwa sababu hiyohiyo sikushauri zile njia mbili nyembamba za matairi zenye majani katikati: kwa lori ni kingo tupu. Upana wa mita 3.5 unaipa Fuso yenye bodi ya mita mbili na nusu nafasi ya nusu mita kila upande, na dereva aliyechoka ataitumia yote.

Jamvi lisishikane na ukuta wa nyumba, nguzo za geti wala chemba. Weka povu gumu la kufungashia televisheni, unene wa sentimita moja, toka juu mpaka chini.

Mchanganyo uwe moja kwa moja na nusu kwa tatu, saruji ya 42.5. Acha karai na sepetu. Tengeneza boksi la mbao la sentimita 40 kwa 35 kwa kina cha 25, ambalo ni lita 35, sawa na ujazo wa mfuko mmoja wa saruji. Kila mfuko upate boksi moja na nusu la mchanga na maboksi matatu ya kokoto. Kokoto za granaiti za huko Usukumani ni nzuri. Zisizidi milimita 20. Mchanga wa mtoni ujaribu kwenye chupa: weka mchanga mpaka nusu, jaza maji, tikisa, uache usiku kucha. Tope likitulia juu likazidi asilimia 8 ya kimo cha mchanga, rudisha lori.

Maji ni lita 25 kwa mfuko, ukihesabu na yale yaliyomo kwenye mchanga wenyewe. Mchanga ukiwa umelowa, utaongeza kama 18 au 20 tu. Hapa utagombana na vijana, kwa sababu zege la majimaji linajisukuma lenyewe na kazi inakuwa nyepesi. Simama kwenye mixer. Zege sahihi ukiliweka kwenye sepetu linakaa, halichuruziki pembeni, na ukilipiga kwa mgongo wa sepetu linafunga uso wake na kung'aa kidogo. Likitiririka kama uji, limeshaharibika hata kama saruji iko ya kutosha. Kazi ya kulisukuma mwachie vaibreta, mashine ya kutikisa zege, ya kukodi siku mbili.

Kila kipande ni mita za ujazo 2.5, mifuko 20. Njia nzima ni 12.6, mifuko 101, nunua 106. Jamvi la fundi wako la inchi nne kwa mchanganyo wa moja kwa mbili kwa nne lingekula kama mifuko 40. Najua tofauti hiyo si ndogo. Ukibanwa, punguza eneo: Fuso iishie mita 12, na mita sita zilizobaki mpaka nyumbani ziwe za gari dogo, inchi nne au tano, na nguzo za chuma zizuie lori lisiingie humo. Unene wa Fuso usiuguse.

Mwaga alfajiri. Huko kwenu kuanzia mwishoni mwa Mei mpaka Julai ni wakati mzuri, mvua zimekatika na mbuga haijakauka ikapasuka, ila upepo mkavu wa mchana unakausha uso wa zege kabla ya ndani na kuleta nyufa ndogo za nywele. Lowesha moramu kabla ya kumwaga bila kuacha dimbwi. Ukishapiga rula, subiri maji yanayopanda juu yapotee yenyewe. Usikubali niru wala saruji kavu inyunyizwe kuyafyonza. Hiyo ngozi itabanduka Fuso ikikata kona. Pitisha fagio la chelewa kwa kukatiza njia, mistari ibaki, nayo itakupa mshiko mvua ikinyesha.

Siku hiyohiyo jioni funika kwa viroba vilivyolowa au turubai, na kwa siku saba zege lisikauke hata saa moja. Kumwagilia asubuhi na jioni kisha kuliacha wazi juani hakutoshi. Baada ya wiki lina kama theluthi mbili ya nguvu zake. Gari dogo lipite.

Peva ya jirani si wazo baya, na kwenye mbuga ina faida moja kubwa: ikibonyea unaing'oa, unajaza, unaipanga upya. Lakini iwe ya unene wa milimita 80, si ile ya 60 ya vibarazani, na iwe na kingo za zege za kuizuia isitawanyike. Uchimbaji, moramu na mitaro ni vilevile, kwa hiyo usiambiwe kwamba inakuepusha na kazi ya chini. Kwa gari linalolala na mzigo mahali pamoja kila siku, mimi ningemwaga zege.

Fuso isikanyage mpaka siku 28 zitimie tangu kipande cha mwisho, hata ikiwa tupu. Kwa hiyo kabla ya kuita mixer, tafuta pa kuilaza mwezi mzima, na hiyo tarehe ya siku ya 28 iandike kwa rangi kwenye mlango wa geti, dereva aione kila anapopita.